Knute Rockne na Mzigo wa Kushinda Kila Jumamosi



Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona kwamba safari hii tunasimulia maisha ya kocha wa mpira, tena mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa na vijana waliovaa kofia ngumu wakiubeba mikononi. Hatumwandiki kama mtakatifu, na mbele mtaona kwa nini. Tunamwandika kwa sababu miaka yote ya ukocha wake aliifanyia kazi chini ya mapadre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika lile lile ambalo tangu mwaka 1958 linafanya utume nchini Uganda. Tena tunamwandika kwa sababu maisha yake yanatuachia swali gumu: mtu mmoja akiifanya kazi yake vizuri kupita wote, ni nani anayelipa gharama ya matumaini anayoyaamsha?

Knute Rockne alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 katika mji mdogo wa Voss, nchini Norwei, katika familia ya Kilutheri. Baba yake, Lars, alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1893, mwaka ambao Chicago iliandaa maonesho makubwa ya dunia, familia ilihamia mji huo. Knute alikuwa na miaka mitano. Alikulia mtaa wa Logan Square, akajifunza mpira viwanjani pamoja na watoto wa wahamiaji wengine. Baada ya shule hakuwa na fedha za chuo, hivyo akafanya kazi posta ya Chicago kwa miaka kadhaa akijiwekea akiba. Alipoingia Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1910 alikuwa na miaka 22, umri ambao wenzake wengi walikuwa wanamaliza.

Notre Dame ipo jimbo la Indiana, jirani na mji wa South Bend. Ilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, mmisionari kutoka Ufaransa. Wakati huo wa 1910 kilikuwa chuo kidogo cha Wakatoliki wasio na uwezo mkubwa, na nje ya eneo lake wachache walikijua. Kijana wa Kilutheri akajikuta akiishi katikati ya makasisi na kengele za kanisa. Hakuwa mzembe darasani hata kidogo. Alisomea kemia na dawa, akamaliza mwaka 1914 kwa alama za juu, akabakizwa kuwa msaidizi katika maabara ambako alifanya kazi na Padre Julius Nieuwland, yule mwanasayansi ambaye uchunguzi wake baadaye ulisaidia kupatikana kwa mpira wa kutengenezwa viwandani. Kwa miaka kadhaa Rockne alifundisha kemia asubuhi na mpira jioni. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwani wengi humkumbuka kama mtu wa makelele ya chumba cha kubadilishia nguo tu, wakasahau kwamba alikuwa mwalimu wa darasani aliyezoea kupima vitu kwa gramu.

Jina la chuo lilianza kusikika mwaka 1913. Sheria zilikuwa zimeruhusu mpira kurushwa mbele tangu 1906, lakini timu nyingi kubwa ziliendelea kusukumana kifua kwa kifua. Majira ya joto ya mwaka huo Rockne na mwenzake Gus Dorais walipata kibarua huko Cedar Point, pwani ya Ziwa Erie, na walipotoka kazini walifanya mazoezi ya kurushiana mpira mchangani, mmoja akirusha, mwingine akidaka huku anakimbia. Tarehe 1 Novemba wakaenda kucheza na chuo cha kijeshi cha West Point, timu iliyoogopwa. Dorais alifaulu pasi 14 kati ya 17. Notre Dame ikashinda 35 kwa 13. Si kweli kwamba vijana hao wawili ndio waliobuni pasi ya mbele, ingawa hadithi hiyo bado inasimuliwa. Walichofanya ni kuichukua kwa uzito silaha ambayo wakubwa waliidharau.

Mwaka 1914 alimwoa Bonnie Skiles, wakajaliwa watoto wanne. Akawa msaidizi wa kocha Jesse Harper, na Harper alipoondoka, mwaka 1918 Rockne akashika timu. Katika misimu 13 alishinda michezo 105, akashindwa 12, akatoka sare 5. Misimu mitano (1919, 1920, 1924, 1929 na 1930) alimaliza bila kushindwa wala kutoka sare hata mara moja. Siku ya kwanza ya mwaka 1925 timu yake iliifunga Stanford 27 kwa 10 katika mchezo wa Rose Bowl huko California.

Lakini hesabu hizo peke yake hazielezi kilichotokea. Muungano wa vyuo vikubwa vya eneo lile la kati ya Marekani ulikataa kuipokea Notre Dame. Kwa kukosa majirani wa kucheza nao kwa ratiba, Rockne aliwapandisha vijana wake treni akawapeleka popote palipokubali: New York kucheza na West Point, Atlanta kucheza na Georgia Tech, na kuanzia 1926 hadi Los Angeles kucheza na Chuo Kikuu cha Southern California. Kila kituo walichoshuka kulikuwa na Wakatoliki. Walikuwa watoto wa Waairishi, Wapolandi na Waitaliano, watu wa viwandani na bandarini, wengi wao hawakuwahi kukanyaga chuo chochote. Wakaifanya timu hiyo kuwa yao.

Tukumbuke zama zenyewe. Katika miaka hiyo ya 1920 chama cha Ku Klux Klan kilikuwa na nguvu kubwa Indiana, na chuki yake haikuwa kwa watu weusi tu bali pia kwa Wayahudi na Wakatoliki. Mwezi Mei 1924 wafuasi wake walipokusanyika South Bend, wanafunzi wa Notre Dame waliwakabili mitaani, na mkuu wa chuo, Padre Matthew Walsh, alikuwa na kazi kubwa ya kuwatuliza. Miaka minne baadaye Al Smith, Mkatoliki wa kwanza kusimamishwa na chama kikubwa kugombea urais wa Marekani, alishindwa vibaya baada ya kampeni iliyojaa maneno dhidi ya dini yake. Katika hali hiyo, mtu aliyedharauliwa Jumatatu hadi Ijumaa alipata saa chache za kuinua kichwa Jumamosi. Mtu akiwa na njaa ya namna hiyo, ushindi mmoja haumtoshi. Anataka wa pili, kisha anataka wote.

Na Rockne aliwapa. Alifanyaje? Aliwafundisha wachezaji wa nyuma kuhama nafasi zao kwa pamoja, kwa hatua zilizopangwa kama ngoma, sekunde moja kabla mpira haujatoka, hata mlinzi asijue shambulio linakuja upande gani. Wakubwa wa mchezo walilazimika kubadilisha sheria zaidi ya mara moja ili kupunguza makali ya mbinu hiyo. Mara nyingi alianza mchezo na kikosi cha pili, kiwachoshe wapinzani, ndipo aingize cha kwanza. Alirudia mambo madogo hadi yakawa tabia. Kisha, jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, hakuficha elimu yake. Majira ya joto alifungua madarasa ya makocha sehemu mbalimbali za nchi, akawafundisha hata watu ambao wangekuja kupambana naye.

Wanafunzi wake nao wakatawanyika. Jim Crowley, mmoja wa wale wanne maarufu wa safu ya nyuma ya 1924, alikwenda Fordham, chuo cha Wajesuiti huko New York. Harry Stuhldreher alikwenda Villanova. Buck Shaw alikwenda Santa Clara na Slip Madigan akaenda St. Mary's, vyote viwili vyuo vya Kikatoliki vya California. Frank Thomas alikwenda Alabama. Ikawa chuo kinachotaka heshima kinatafuta kijana aliyepita mikononi mwa Rockne. Southern California walimtaka yeye mwenyewe mwaka 1925. Alipokataa wakamchukua Howard Jones, na inasimuliwa kwamba ni Rockne aliyempendekeza. Jones akajenga timu iliyokuja kuwa mpinzani wake mkali kuliko wote.

Hapo ndipo kiwango kilipopanda kwa kila mtu. Chuo ambacho zamani kiliridhika kushinda nusu ya michezo yake sasa kilisikia kelele za wahitimu na wafanyabiashara wa mji: kama wale wa Indiana wanaweza, kwa nini sisi hatuwezi? Viwanja vikubwa vya zege vikainuka nchi nzima, na viwanja hujengwa kwa mikopo, na mikopo hulipwa na watu wanaokuja kutazama timu inayoshinda. Mwaka 1929 taasisi ya Carnegie ilitoa taarifa kali kuhusu michezo vyuoni, ikieleza jinsi wachezaji walivyokuwa wakitafutwa na kulipwa kwa siri. Tusimtwike mtu mmoja dhambi za nchi nzima. Hata hivyo hatuwezi kusema kwamba mkono wake haukuwemo. Uwanja mpya wa Notre Dame, uliofunguliwa 1930 ukiwa na nafasi zaidi ya 50,000, ni yeye aliyeupigania kwa miaka, akiwasumbua mapadre waliosita kukopa.

Kuna upande mwingine ambao wasifu mwingi huupaka asali. Rockne alidanganya. Mwaka 1922, kabla ya mchezo na Georgia Tech, aliwasomea vijana telegramu iliyosema mwanawe mdogo, Billy, yuko hospitalini na anatamani timu ya baba yake ishinde. Vijana walicheza kama simba, wakashinda. Waliporudi South Bend, Billy alikuwa miongoni mwa waliokuja kuwapokea kituoni, mzima wa afya. Mwaka 1928 akatumia jina la George Gipp. Huyo alikuwa mchezaji wake mwenye kipaji kuliko wote, mtu wa kamari na wa kukwepa vipindi, aliyewahi kufukuzwa chuo akarudishwa, akafariki Desemba 1920 akiwa na miaka 25 baada ya kupokelewa katika Kanisa Katoliki kitandani pa mauti. Kabla ya kucheza na West Point, Rockne aliwaeleza vijana kwamba Gipp alimwachia ombi la mwisho, waje wamshindie mchezo mmoja siku mambo yatakapokuwa magumu. Hakuna mtu mwingine aliyelisikia ombi hilo, na wachunguzi wengi wa maisha yake wanatilia shaka kama liliwahi kutolewa. Vijana wakashinda 12 kwa 6.

Sisi tunaosoma falsafa tumefundishwa na Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Tomaso wa Akwino kwamba uongo ni uongo hata ukizaa tunda tamu. Wapo watakaosema huu ni mchezo tu, na kila kocha hutia chumvi. Labda. Lakini hadithi ya marehemu ni kitu kizito kukitumia, na tukiangalia kilichofuata tunaona jambo ambalo filamu ya mwaka 1940 kuhusu maisha yake haikutaka kulikazia: Jumamosi iliyofuata, timu ile ile, mbele ya watu wake, ilifungwa na Carnegie Tech 27 kwa 7. Notre Dame haikuwa imeshindwa nyumbani tangu 1905. Msimu huo wa 1928 uliisha kwa michezo minne iliyopotea, wake mbaya kuliko yote. Machozi humpa kijana nguvu ya mchana mmoja.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1925. Kwa miaka 15 Rockne alikuwa ameishi kati ya Wakatoliki bila kuwa mmoja wao. Mkewe na watoto walikuwa Wakatoliki. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichomgusa ni kuwaona wachezaji wake safarini wakiamka alfajiri, wakikatiza usingizi wao kabla ya mchezo mgumu, ili wakapokee Komunyo. Hakuna padre aliyemshinda kwa hoja. Tarehe 20 Novemba 1925 alibatizwa na Padre Vincent Mooney katika kikanisa cha magogo kilichopo chuoni. Kesho yake akapokea Komunyo ya kwanza pamoja na mwanawe mmoja, na mchana ule ule timu yake, iliyokuwa nyuma kwa 10 kwa 0, ikaifunga Northwestern 13 kwa 10. Tunakiri kwamba tungependa Mungu asichanganywe sana na matokeo ya mpira, lakini ndivyo siku ilivyokuwa.

Ubatizo haukumtoa katika mashindano ya nafsi yake. Mwezi uliofuata ilitangazwa kwamba amekubali kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa mshahara mkubwa, wakati mkataba wake na Notre Dame ulikuwa haujaisha. Habari ilipovuja akajiondoa kwa aibu, na mapadre wakamsamehe. Mwaka 1926 alijiamini hadi akaiacha timu yake iende Pittsburgh na wasaidizi, yeye akabaki Chicago kutazama mchezo wa vyuo vya jeshi la nchi kavu na la majini. Siku hiyo Carnegie Tech waliwafunga 19 kwa 0, mchezo pekee waliopoteza mwaka mzima, na ubingwa ukaenda nao. Alikuwa pia akiandika magazetini, akihutubia wauzaji wa magari ya kampuni ya Studebaker, akisimamia tiketi, ratiba na ujenzi. Mtu aliyewaambia wote kwamba yote yanawezekana hakupata tena ruhusa ya kuchoka.

Mwili ukamwonya. Mwaka 1929 damu iliganda katika mshipa wa mguu, madaktari wakamwamuru alale. Hakulala. Michezo kadhaa aliifundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, huku uwanja wa zamani ukiwa umevunjwa na timu ikicheza kila mchezo ugenini. Walishinda yote tisa. Mwaka uliofuata walishinda yote kumi, na wa mwisho ulikuwa ule wa Los Angeles dhidi ya Southern California ya Howard Jones, 27 kwa 0.

Hakuishi kuona msimu mwingine. Jumanne ya Juma Kuu, tarehe 31 Machi 1931, alipanda ndege Kansas City kwenda Los Angeles kwa shughuli ya filamu. Ilikuwa ndege aina ya Fokker yenye mabawa ya mbao, na unyevu ulikuwa umelegeza gundi ndani ya bawa. Ilianguka katika malisho ya ng'ombe karibu na Bazaar, jimbo la Kansas, wakafa wote wanane. Rockne alikuwa na miaka 43. Kilio cha umma kilikuwa kikubwa hata serikali ikalazimika kuweka wazi uchunguzi wa ajali, na mashirika ya ndege yakaharakisha kutafuta ndege za chuma. Alizikwa Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili, baada ya ibada katika Kanisa la Moyo Mtakatifu pale chuoni, iliyotangazwa redioni nchi nzima. Mfalme wa Norwei alituma mwakilishi.

Sasa tuje kwa waliobaki, maana kwao ndiko swali letu linapouma. Kila mmoja wetu, Mungu akipenda, siku moja atatumwa parokiani kushika nafasi ya padre aliyejenga kanisa, shule na zahanati, na waumini watamsalimia mgeni kwa kumsimulia aliyeondoka. Hunk Anderson alijua hali hiyo. Alikuwa mchezaji na msaidizi wa Rockne, akakabidhiwa timu ikiwa bado na harufu ya uvumba wa mazishi. Katika misimu mitatu alishinda michezo 16, akashindwa 9 na kutoka sare 2. Kwingine kocha wa namna hiyo angepewa muda. Notre Dame wakamwondoa.

Frank Leahy, aliyecheza chini ya Rockne miaka ya mwisho, alifika 1941 akarudisha ubingwa mara nne, 1943, 1946, 1947 na 1949. Gharama yake ilionekana Oktoba 1953, katika mchezo na Georgia Tech, alipoanguka chumbani wakati wa mapumziko. Alionekana anakufa, na Padre Edmund Joyce akampa sakramenti ya wagonjwa pale pale, vijana wakiwa mlangoni. Leahy alipona, lakini msimu ulipoisha akaacha kazi akiwa na miaka 45. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo ya 1950, St. Mary's, Santa Clara na Fordham, vyuo vilivyokuwa vimeinuka kwa makocha waliotoka kwa Rockne, vilifunga timu zao kimoja baada ya kingine, kwa kuwa gharama za kushindana hazikubebeka tena.

Notre Dame hawakufunga. Wakamteua Terry Brennan, kijana wa miaka 25, umri wa wengi wetu hapa seminarini. Mwaka 1957 timu yake ilikomesha mfululizo wa Oklahoma wa kushinda michezo 47. Desemba 1958, siku chache kabla ya Noeli, aliachishwa kazi. Alikuwa ameshinda michezo 32 na kushindwa 18.